Sukari ya Kupimia Mishale

Jumatatu, 3 Juni

Daftari jipya. Kurasa tatu za mwanzo Bosi keshazichora kwa mkaa, basi naanzia ya nne. Bosi ni binti yangu. Mwaka mmoja na miezi minne, meno sita, amri nyingi kuliko meneja.

Habari mbaya kwanza. Meneja ametukusanya wafanyakazi wa uwanja wa shabaha akatangaza kwa sauti ya mkutano kwamba kuanzia mwezi ujao hataki kuona mtoto uwanjani. Tuliokusanywa tulikuwa wawili. Mimi mfagiaji na mwokota mishale, na yule dada mkata tiketi ambaye hana mtoto. Si angenivuta tu pembeni! Kisa ni wiki ile Bosi alipojikongoja hadi mbele ya shabaha, watu wameshavuta nyuzi. Nilimpa kisogo nusu dakika. Hadi leo nikifumba macho namwona anawapungia mkono.

Habari mbaya ya pili: mama mkwe kapata umbea. Ametuma neno kwamba damu ya marehemu mwanawe haiwezi kulelewa katikati ya mishale. Anakuja. Nisipokuwa na pa kumweka mtoto, Jumapili ya tarehe 16 anaondoka naye. Kwake ni safari ya kutwa nzima. Nikatuma kuuliza atamrudisha lini. Jibu: akianza shule.

Miaka mitano!

Habari nzuri sasa. Fundi wa karakana ya pinde anatafuta msaidizi. Karakana ina chumba cha nyuma chenye mlango wa wavu. Nimemuuliza Fundi kama msaidizi anaweza kuja na mtoto. Kasema hana neno, mradi asile gundi. Nitamfundisha asile gundi.

Mkata tiketi naye anaitaka nafasi hiyo. Namwita Kisigino, kwa vile viatu vyake vinavyotoboa nyasi kila asubuhi na mimi kuziba. Kaniambia, eti shoga yangu, wewe na kupima wapi na wapi, uji tu unakushinda unakumwagikia. Ulimwagika mara moja!

Jumanne, 4 Juni

Somo la kwanza kwa Fundi, sote wawili tumesimama kama wanafunzi waliochelewa. Naandika nisisahau.

Mishale yetu ni myeusi, ya kaboni, mitupu ndani kama mrija. Kwa macho yote sawa. Lakini kuna migumu na kuna laini. Unaulaza mshale juu ya vigingi viwili, katikati yake unaning'iniza jiwe la mizani la gramu mia nane na themanini, kisha unapima umepinda milimita ngapi. Ukipinda kidogo ni mgumu. Ukipinda sana ni laini.

Upinde wa Bingwa, mpiga mishale wetu wa mashindano, una kapi mbili za kupitishia uzi, moja juu moja chini, na Fundi amekaza skrubu za mikono yote miwili ya upinde, sawa kwa sawa, hadi mvuto ukapanda kutoka ratili hamsini mpaka sitini. Kwa upinde ule mshale usizidi kupinda milimita tisa. Kisigino akauliza ukizidi je. Fundi akainua mkono wake wa kushoto. Chini ya kidole gumba pana kovu kama mjusi. Akasema mshale laini ukisukumwa na upinde mkali unapasuka palepale unapotoka, na vijiti vyake havitafuti shabaha, vinatafuta nyama.

Mimi nilisikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwa Bosi, alikuwa anavua kiatu.

Mtihani: kila mmoja kapewa kasha la mishale arobaini ya zamani, namba zimefutika. Mwenye kumtolea Bingwa mishale kumi na miwili migumu ndiye msaidizi. Fundi ataikagua mwenyewe Ijumaa ya tarehe 14. Mashindano ni kesho yake.

Jumatano, 5 Juni

Hila za Kisigino! Vigingi na jiwe la Fundi viko karakana, na anayeweza kuvitumia mchana ni yule asiye na kazi. Tiketi huuzwa asubuhi tu. Mimi nafagia mpaka jua linazama.

Lakini Mungu hamnyimi mja wake vyote. Nimeomba kasha niende nalo nyumbani. Fundi kasema chukua, ukipotea mshale mmoja nisikuone. Nimegongomea misumari miwili kwenye ubao wa kukatia mboga. Rula nimeazima kwa jirani. Jiwe la mizani sina, basi nikaenda dukani nikanunua kilo moja ya sukari, nikamwomba mwenye duka apunguze gramu mia moja na ishirini. Kaniuliza kwani nimeona wapi mtu analipa kilo anataka pungufu. Nikamwambia ni sayansi. Kapunguza, mizani ikasoma mia nane na themanini barabara. Iliyopunguzwa nimeitia kwenye kopo la uji wa Bosi.

Sukari imefungwa kwenye mfuko, mfuko una kamba, kamba ina ndoano ya waya. Fundi hana akili hii!

Alhamisi, 6 Juni

Nimepima arobaini yote. Mitatu inapinda tisa. Thelathini na saba inapinda kumi na mbili.

Nimepima tena. Ni vilevile.

Nimekaa kitandani nikalia kidogo. Bosi naye akalia, sijui kwa huruma au kwa njaa. Nikachovya kidole kwenye sukari nikamlambisha. Kimya. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kinanyamazisha mtoto. Akataka kingine nikampa.

Baadaye nikawaza. Kila kitu hukomaa. Embe hukomaa, mtu hukomaa kwa shida. Mshale nao si utakomaa ukikandamizwa? Nimeitandika yote thelathini na saba chini ya godoro. Sisi juu, yenyewe chini. Tuone.

Jumamosi, 8 Juni

Kopo la uji limeisha. Nimechota vijiko viwili kwenye ile ya kazi. Sukari ni ya kazi, ila mtoto ni mtoto.

Nimepima mishale mitano. Kumi na mbili kasoro kidogo! Ile kasoro nimeiangalia kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Ipo. Inakomaa!

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe kaingia na mikoba miwili. Atakaa hadi Jumapili ijayo, aone mwenyewe. Nimempokea kwa adabu zote, shikamoo mama, pole na safari mama. Marahaba yake ilitoka puani.

Amekagua chumba. Kaona misumari kwenye ubao wa mboga, akauliza siku hizi mboga zinasulubiwa? Chai anakunywa asubuhi na jioni, vijiko vitatu kila kikombe, nami nakoroga. Ndani ya nyumba hakuna sukari nyingine, nami siwezi kumpa mama wa marehemu mume wangu chai chungu.

Analala nasi kitandani. Sasa mishale inalaliwa na watu watatu.

Jumatatu, 10 Juni

Mama mkwe kaamka kashika kiuno. Kasema amelala juu ya mbavu za ng'ombe, tena ng'ombe mwenye njaa. Nikasema godoro limezeeka. Kasema hapana, ndani ya hili godoro kazikwa mtu.

Nimempikia chai nzito. Nimepima jioni alipotoka kuongea na majirani. Kumi na moja!

Mwanamke huyu ana baraka. Mgongo wake umefanya kwa usiku mmoja kazi niliyoifanya mimi siku tatu.

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya jambo, na nikijisifu nitakuwa mnafiki, basi naandika tu. Kisigino kamaliza kasha lake. Kafunga mafungu mawili, uzi mwekundu kwa migumu, mweupe kwa laini. Kayaacha juu ya meza akaenda kula. Karakana tupu. Nikabadilisha nyuzi. Nyekundu huku, nyeupe kule. Nilimwaza Bosi tu.

Fundi karudi, kapima mafungu yale kwa jiwe lake, kapima tena, akampa Kisigino mkono. Kasema sawasawa kabisa! Kumbe yule dada alikuwa kayafunga kinyume toka mwanzo. Aliuangalia ule uzi mwekundu kama mtu aliyeona mzimu, kisha akashukuru.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimechimba nikamtekea adui maji.

Hata hivyo kwenye fungu lake migumu ilikuwa sita tu. Bado kumi na miwili haijafika. Bado nipo.

Jumatano, 12 Juni

TISA! Yote thelathini na saba inapinda tisa, mingine tisa kasoro! Nimepima mara mbili, mkono wa kulia na wa kushoto. Na ile mitatu iliyokuwa tisa toka mwanzo, ambayo hata haikulaliwa, sasa inapinda sita na nusu. Hiyo sielewi. Nadhani imeambukizwa.

Nimembeba Bosi nikazunguka naye chumba kizima. Nimemlambisha vidole vitatu kwa furaha. Mama mkwe kauliza kuna nini. Nikamwambia mama, mtoto haendi popote. Akasema kwa upole kwamba hajaja kuninyang'anya. Kasema yeye alizika mmoja, hataki kuzika wa pili. Nikamwekea chai.

Alhamisi, 13 Juni

Nimetafakari. Fundi akiikagua kesho, nani ataniamini? Keshampa Kisigino mkono. Atasema nimebahatisha. Lakini Bingwa akiipiga yeye, akasema mbele za watu kwamba hajawahi kuona mishale kama hii, meneja atasikia, Fundi atanyamaza, Kisigino atavua viatu.

Bingwa ni mtu mwema. Ni mwalimu wa shule ya msingi, ana chaki kwenye mikono ya shati hata siku za mapumziko. Humwacha Bosi avute manyoya ya mishale yake, kisha huyanyoosha taratibu bila kununa.

Kabla ya kuipiga kwenye shabaha, mishale hujaribiwa kwa karatasi. Unaipigia kwenye karatasi iliyotandazwa kwenye fremu. Ikiacha tundu safi na alama tatu za manyoya, upinde na mshale vinasikilizana. Ikichana karatasi upande, vinagombana. Mimi upinde ule siwezi kuuvuta hata robo. Basi nimechukua karatasi nikaichoma na mshale kwa mkono. Tundu safi! Alama tatu kama za mguu wa kuku. Karatasi ni ileile, mshale ni uleule, kilichobadilika ni mkono tu.

Jioni nimempelekea Bingwa karatasi. Kasema ajabu, hajawahi kuona tundu safi namna hii. Kauliza Fundi keshaiona? Nikasema Fundi ndiye aliyenifundisha. Si uongo. Alinifundisha Jumanne.

Mishale kumi na miwili nimeitia mwenyewe kwenye podo lake. Kamshika Bosi shavu, kasema mama yako ni fundi.

Ijumaa, 14 Juni

Sijui niandikeje.

Mazoezi yalianza mapema. Fundi alikuwa ndani. Nilikuwa na ufagio, Bosi nimembeba mgongoni. Bingwa kavuta, kapi zikazunguka pamoja, kasimama kimya kama picha. Kisha mlio. Si mlio wa mshale. Ni kama mtu kakanyaga kuni kavu.

Hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayesoma saa. Vijiti vyeusi vilikuwa vimeingia chini ya kidole gumba na vimetokea upande wa pili. Akauweka upinde chini taratibu, usije ukaharibika, ndipo akakaa.

Kisigino ndiye aliyekimbia. Alivua viatu akakimbia peku, akamfunga mkono kwa mtandio wake. Mimi nilisimama. Bosi mgongoni alikuwa anapiga makofi, alidhani ni mchezo.

Wakampeleka hospitali. Nimemwaga ndoo nne za maji kwenye nyasi. Bado panaonekana.

Jumamosi, 15 Juni

Mashindano yamepita bila Bingwa. Daktari ametoa vipande saba. Kidole gumba kitabaki, lakini hakitakunjika. Bingwa ametuma salamu. Ameuliza kama mtoto alishtuka.

Fundi kaja nyumbani mchana kuchukua kasha. Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliona ubao, misumari, mfuko wa sukari. Akauliza hiki ndicho ulichopimia? Nikamweleza yote, hadi mwenye duka na mizani yake. Akauchukua mfuko, tukaongozana naye dukani, mama mkwe nyuma, majirani nyuma ya mama mkwe. Mwenye duka akauweka kwenye mizani.

Mia sita na arobaini.

Fundi akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Mzigo ukipungua, mshale wowote utapinda kidogo. Mishale haikukomaa. Ni sukari iliyopungua. Akauliza nani alikuwa anaila. Watu wote wakanitazama. Mama mkwe akatazama kando.

Nikafikiri kwa haraka, nikapata. Sisimizi! Nikawaambia nyumba yangu ina sisimizi. Fundi akashusha pumzi, akasema haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza kibaba vilevile. Akabeba kasha lake akaondoka.

Kisigino amepewa karakana. Meneja kasema nimalizie mwezi nikifagia, kisha nisionekane.

Sisimizi! Wadudu wasiojaza hata kijiko wamenivunjia nyumba.

Jumapili, 16 Juni

Nimefunga nguo za Bosi. Gauni mbili, sweta moja, kiatu kimoja. Cha pili tumekitafuta mpaka uvunguni, hatukukiona.

Mama mkwe alisema nilie tu, hakuna anayenihukumu. Sikulia. Nilimwambia kwamba Bosi anakula uji ukiwa vuguvugu, hapendi mlango ukifungwa, akikohoa mara tatu mfululizo ni njaa si kifua. Mama mkwe akasema yeye kalea watano. Nikamwambia najua mama, lakini huyu hujamlea.

Alipoanza kulia mgongoni mwa bibi yake nilirudi ndani mbio nikachovya kidole. Akalamba. Akanyamaza. Gari lilipoondoka alikuwa bado anajilamba mdomo, akanipungia mkono, kama siku ile pale mbele ya shabaha.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefagia. Pale palipomwagika nyasi zimegeuka kahawia. Kisigino kapita mlango wa karakana, kaniambia, eti shoga, kile chumba cha nyuma kimejaa maboksi tu, angalau ungekuwa wewe kingetumika. Sijui alinisimanga au alinihurumia. Alikuwa amevaa ndala.

Nimetoa godoro nje nilianike. Chini yake nimekuta kiatu cha Bosi. Na mshale mmoja! Fundi hakuuhesabu.

Basi si kila kitu kimepotea. Nikimpelekea Fundi mshale mmoja tu, mgumu kweli, na maelezo kamili, ataona kwamba njia ilikuwa sahihi, kilichoharibu ni wadudu. Nimenunua kilo mpya. Mwenye duka hakuuliza, kapunguza mwenyewe mia moja na ishirini. Safari hii mfuko nimeuweka katikati ya sinia la maji. Sisimizi hawaogelei.

Nimepima. Kumi na mbili.

Nilijua! Mshale umelegea. Usiku wa jana haukulaliwa na mtu mwenye uzito. Mama mkwe hayupo, Bosi hayupo, mimi mwenyewe nimelala chini, kile kitanda kimekuwa kikubwa mno. Leo nitalala juu yake, tena palepale katikati, na kile kiatu nitakiweka upande wake. Kufikia Ijumaa utakuwa tisa. Ukiwa tisa Fundi atanisikiliza. Akinisikiliza, yale maboksi yataondolewa.

Chumba kimenyamaza. Hata jirani kazima redio.

Nimechovya kidole kwenye sukari. Kimoja tu, changu. Na kimoja cha Bosi.